Asidi Haijui Ramadhani

Hitma ya marehemu Mwalimu Thureya ilisomwa Chukwani, nyumbani kwa mpwa wake, baada ya sala ya alasiri, na mimi nilifika nimechelewa. Nilikuwa na darasa la kidato cha tano, na watoto wa siku hizi ukiwaacha katikati ya somo la atomi, ukirudi unawakuta wameshahamia kwenye simu zao. Nilivua viatu mlangoni, nikapenya kati ya magoti ya wanawake, nikapewa juzuu langu nikasoma. Sikulia. Kilio changu nilishakimaliza jikoni kwangu siku niliyopigiwa simu, mwiko mkononi na wali unaungua. Nilipomaliza kusoma ndipo nikamwona Raya, ameegemea ukuta wa upande wa pili, miwani imemshuka puani, mkoba umewekwa sawasawa magotini. Sasa ni daktari wa watoto. Tulisoma pamoja, tukala pamoja, na kwa miaka mingi tumekuwa watu wa kupigiana simu siku za Idi, tukiahidiana kutembeleana na tusitembeleane. Alinipungia kwa vidole viwili, ishara yetu ya darasani, na mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu nikataka kucheka hitmani.

Nataka kueleza mwaka mmoja tu, ule wa kidato cha sita. Nani alinizaa, wapi, na kwa nini nilipenda sayansi, hayo nayaruka. Kila mtu alizaliwa mahali. Mwaka ule skuli yetu ilikuwa na mwalimu mmoja wa kemia, naye alikuwa Mwalimu Thureya. Kwa kuwa vipindi havikutosha, alitufundisha tena nyumbani kwake Mkunazini, wasichana wachache, na alichotaka kwetu ni kila mmoja aje na kitu cha jikoni. Ngazi za nyumba ile zilikuwa za mbao, ndefu na za giza, na kila aliyepanda alijulikana kwa mlio wake kabla hajapiga hodi. Juu kulikuwa na chumba kirefu chenye boriti, ubao umeegemezwa kwenye kabati la vyombo, meza ya duara na mikeka. Jiko lilikuwa nyuma ya pazia. Nyuma ya pazia hilo alikuwepo mdogo wake, Bi Mgeni, ambaye hakuwahi kusoma kemia wala hakuwahi kunyamaza ikisomeshwa.

Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kavu, na kama kuna neno alilichukia basi ni "nadhani". Ukisema "nadhani, Mwalimu", alikuwa anaweka chaki chini. "Unadhani au unajua? Ukiwa unadhani, nenda barazani, huko wenzio wanadhani tangu asubuhi." Kwa hiyo tulishangaa tulipofika kwenye elektroni, maana hapo alifuta kwa mkono wake mwenyewe ile miduara aliyotuchorea miaka ya nyuma, kiini katikati na elektroni zikikizunguka kwa utaratibu. Alisema miduara ilikuwa ya kutuanzishia tu, kwa sababu tulikuwa wadogo. Elektroni haina njia moja ya kupita kila siku.

"Sasa iko wapi, Mwalimu?" Raya aliuliza.

Mwalimu aligeukia pazia. "Mgeni!"

"Naam."

"Paka yuko wapi?"

"Mie nnajuaje? Labda hapa chini, labda kenda darini. Lakini nnapaa samaki, hawi mbali."

"Mmesikia?" Mwalimu alituambia. "Hajui paka alipo, ila anajua pa kumtafuta. Elektroni ndiyo hiyo. Samaki ndiye kiini."

Raya aliandika yote, mpaka paka, lakini hakufurahi. Alikuwa mtu wa kutaka jambo liwe au lisiwe. Tulipokuwa tunashuka ngazi alininong'oneza kwamba kama hata wenye elimu yao hawajui ilipo, sisi tutaandika nini kwenye mtihani. Nikamwambia tutaandika paka.

Namna atomi zinavyoungana tulijifunza kwa mbatata, ndio viazi. Skuli haikuwa na vile vigololi vya plastiki vya kuundia molekuli, basi Raya alileta mbatata, mimi nikaleta tungule, ndizo nyanya, mwingine vitunguu vidogo, na Mwalimu akatoa vijiti vya mishikaki. Mbatata ilikuwa kaboni, yenye mikono minne. Tungule ilikuwa oksijeni, yenye miwili. Kitunguu kilikuwa hidrojeni, chenye mmoja. Aliyeichoma mbatata kijiti cha tano aliambiwa aile mbichi. Chumvi ya kawaida hatukuiunda, Mwalimu alitusimulia tu: sodiamu ana elektroni moja inayomsumbua, klorini amepungukiwa na moja, huyu anatoa, yule anapokea, kisha wanavutana. Lakini kaboni na hidrojeni hawapeani. Kila mmoja anakuja na yake moja, zinawekwa kati, zinakuwa za wote wawili. "Hilo ni sinia," alisema. "Mkishalizunguka, hapana tena wa kuuliza tonge hili limetoka upande wa nani." Mpaka leo nalifundisha hivyo hivyo, na wanafunzi wanaona ni langu.

Siku ya ethanoli ndiyo tuliyocheka zaidi. Tulikwisha kuunganisha mbatata mbili, tungule moja na vitunguu vyake, Mwalimu akakinyanyua kile kitu juu tukione.

"Hii mliyoitengeneza ni pombe."

"Pombe?" pazia likauliza. "Humu ndani?"

"Ya mbatata, Mgeni."

"Hata ya mbatata ni pombe!"

"Haya, ngojeni basi. Toeni vitunguu viwili hapa. Wekeni tungule nyengine, kwa vijiti viwili." Akakinyanyua tena. "Sasa ni siki. Umeridhika?"

"Siki sawa," alisema Bi Mgeni. Somo likiisha alitoka na bakuli, akazikusanya molekuli zetu zote akaenda kuzipikia urojo, akilalamika kuwa mbatata za nyumba hii zina matundu kama zilizoliwa na funza. Nilikula kaboni nyingi mwaka ule.

Halafu ikaja Ramadhani, na mtihani wa taifa ukaangukia ndani yake. Skuli zetu hufungwa mwezi huo, lakini mtihani unapangwa kwa nchi nzima, hausubiri mwezi wa mtu. Mwalimu aliomba skuli vyombo vya mazoezi, akavibeba mpaka Mkunazini vimeviringishwa kwenye kanga. Asiyeijua pipeti nimweleze: ni bomba jembamba la kioo, lina tumbo katikati na alama juu. Wakati ule tuliifyonza kwa mdomo. Maji ya magadi yanapanda mpaka yapite alama, unaziba kwa kidole haraka, unayashusha taratibu mpaka yakae sawa na alama. Kisha unayatilia asidi tone kwa tone kutoka kwenye bomba jingine refu, mpaka rangi ya kiashiria ulichokitia igeuke kutoka manjano. Ukipima sawa, kila ukirudia unatumia asidi kiasi kile kile. Siku hizi tunatumia mpira wa kubonyeza, na mwanafunzi wangu akitia mdomo kwenye pipeti namtoa nje ya maabara. Zamani hatukuwa na mpira. Kuna aliyependekeza bomba la sindano, Mwalimu akamwambia kwenye chumba cha mtihani halitakuwepo, na kwa hivyo hatulizoei.

Kabla mwezi haujaandama majibu yetu yalikuwa mazuri. Mfungo ulipoanza yakaharibika, ya kila mmoja wetu, na yote yaliharibikia upande mmoja: asidi ilikuwa inatosha mapema mno. Mwalimu alifikiri amekosea kuichanganya, akaichanganya upya. Wapi! Siku moja akaacha kuitazama asidi, akatutazama sisi midomo. Tulikuwa tunafyonza kwa hofu. Magadi yakikaribia alama tu tunatoa mdomo, tunaziba pipeti haijajaa, tunakimbilia dirishani kutema mate, na waliokuwa wakipita chini watusamehe. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mtu alikuwa anailinda saumu yake kimya kimya, na sote tukakosea kwa namna moja.

"Asidi haijui kama hii ni Ramadhani," Mwalimu alisema. "Inajua magadi ni kiasi gani, basi."

Raya alibaki na pipeti mkononi. "Mwalimu, yakinifika kooni?"

"Hayatofika."

"Na yakifika?"

"Utakuwa hukukusudia."

"Nnajua yanaweza kufika, na nikafyonza. Hiyo si kusudi, Mwalimu?"

Nisieleweke vibaya, Raya hakuwa mtoto wa ubishi. Alitoka Jambiani, ambako mama yake alilima mwani, na alikuja mjini kukaa kwa shangazi yake kwa sababu moja, kutafuta udaktari. Kwa nadharia hakuna aliyemfikia. Lakini bila alama ya vitendo udaktari ulikuwa haupatikani, na mtihani wa vitendo ulikuwa siku moja, ndani ya mfungo, hauna wa pili. Akifyonza kwa hofu anaukosa udaktari. Akifyonza vizuri anahisi ameiuza saumu yake kwa udaktari. Nilimwona ameikamata ile pipeti kana kwamba anaogopa itamng'ata.

Mwalimu aliichukua. Akaiweka mdomoni mbele yetu, mchana kweupe, akafyonza magadi yakapita alama, akaziba, akayashusha. Hakwenda dirishani. "Nimefunga," alisema, "na saumu yangu imo. Haifunguki. Nnakwambieni mimi." Kuanzia hapo kila siku ya mazoezi yeye ndiye aliyefyonza wa kwanza, kisha sisi tukafuata. Majibu yakaanza kurudi, mpaka ya Raya, ingawa alikuwa anafumba macho.

Mji wetu haufichi jambo. Siku chache baadaye nilikwenda kumchukua Raya Jang'ombe, nikamsikia, kabla sijafika mlangoni, shangazi yake, Bi Kazija, akizungumza na jirani ukutani. "Mwalimu gani huyo, anafyonza madawa mbele ya watoto wa watu na jua liko juu? Mie mtoto simpeleki tena." Jirani akaongeza kwamba wasomi wengi ndivyo walivyo. Raya alikuwa amesimama ukumbini na baibui lake tayari mkononi. Nilirudi Mkunazini peke yangu nikamweleza Mwalimu. Alivaa, akanambia nimfuate.

Tulimkuta Bi Kazija uani mbele ya meko, anapika futari, mihogo ya nazi upande mmoja na mchuzi wa samaki upande wa pili. Walisalimiana vizuri, tukapewa mkeka. Bi Kazija hakuzunguka. "Mwalimu, mie sikukataa mtoto asome. Angekuwa wangu wa kumzaa ningemtaka asome zaidi. Lakini mdomo ni mdomo. Kitu ukikitia mdomoni kwa kusudi na umefunga, kishaingia hicho." Huku akisema aliukoroga mchuzi, akatonesha tone moja kiganjani, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akatema pembeni kwenye jivu, akaongeza chumvi. "Leo magadi, kesho nini? Na mimi ndiye nitakayeulizwa na mama yake."

Mwalimu alikuwa anakitazama kile kiganja. Raya aliinamisha kichwa, na mimi niliuma upindo wa mtandio wangu. Bi Kazija alitutazama mmoja mmoja, kisha akakitazama kiganja chake mwenyewe.

"Huku ni kuonja," alisema.

"Naam," alisema Mwalimu.

"Kwa ncha ya ulimi. Hakipiti kitu."

"Naam."

"Mume wangu mkali wa chumvi, Mwalimu. Isipokaa sawa hali."

"Na msahihishaji wa mtihani naye ni mkali."

Bi Kazija alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe nyie mnaonja magadi! Haya, Raya, kavae, nenda kaonje." Alituzuia tufuturu pale pale, na mchuzi ule, niseme ukweli, chumvi yake ilikuwa imekaa sawa.

Siku ya mtihani maabara ilikuwa kimya, unasikia matone. Raya alikuwa meza ya mbele yangu. Nilimwona anaiinua pipeti, mabega yamepanda, nikasahau yangu. Safari hii hakufumba macho. Magadi yalipanda, yakapita alama, akaziba, akayashusha. Hakutazama dirishani wala hakutema. Alirudia mpaka majibu yake yakafanana, akaandika, akakaa ameweka mikono mapajani. Nilifurahi kwa ajili yake kuliko nilivyofurahi kwa ajili yangu, na hilo silisemi kwa kujisifu, ndivyo ilivyokuwa. Matokeo yalipotoka baadaye, yeye akapata udaktari, mimi ualimu.

Lakini kabla ya matokeo hayo, Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, Idi imeshapita, nilimchukua Raya tukaenda Mkunazini kumshukuru Mwalimu. Bi Mgeni aliandika meza: visheti, sambusa, kashata za ufuta, jagi la maji ya ndimu. Mwalimu hakugusa. "Nimefunga," alisema. Raya naye akasema amefunga. Nikajua wote wawili wanafunga zile sita za sunna, kama watu wengi wafanyavyo mwezi ule, nikaona haya kidogo, kisha nikala. Nilikula sahani yangu na zao. Wao walikaa bega kwa bega pale mezani, wakizungumza habari za chuo, midomo imekauka, wananitazama ninavyotafuna. Nilidhani ni adabu tu.

Pale Chukwani, dua ilipokwisha, ikaja kahawa na halua. Bi Mgeni alikuwa kwenye kiti karibu na mlango wa chumba cha ndani, mkongwe sasa, lakini sauti ni ile ile ya nyuma ya pazia. Alituita. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba, akatushika vifundo vya mikono mmoja huku mmoja huku.

"Nyie ndo wa mbatata."

"Ndio sisi, Bi Mgeni."

"Nna neno lenu. Thureya kanikataza nisilitoe yu hai. Sasa nshamngoja vya kutosha." Akatuvuta karibu. "Zile siku alizokuwa akifyonza lile bomba mbele yenu, kazilipa zote, siku kwa siku, Mfungo Mosi. Nikamuuliza, we si umewaambia watoto haifunguki? Akanambia, 'Mgeni, mie nadhani haifunguki. Lakini neno nadhani huwezi kumpa mtoto akaingia nalo kwenye mtihani.'"

Nilizisikia kelele za vikombe na watoto uani, na kwa fikra nikamwona Mwalimu mbele ya meza ile ya visheti, midomo imekauka, ananisogezea sahani yake. Mwanamke aliyekuwa anaweka chaki chini kwa neno hilo moja alikuwa nalo moyoni muda wote, akalibeba peke yake ili sisi tusilibebe. Nilimgeukia Raya nimwambie. Alikuwa amevua miwani.

"Na mie nililipa," alisema. "Siku ya mtihani, na zile za mazoezi. Siku ile ya visheti nilikuwa nnalipa. Sikumwambia. Niliona nikimwambia nitakuwa nimemkadhibisha, na yeye amesema mbele yetu sote."

Bi Mgeni alitutazama, machozi yanamshuka na anacheka. "Meza moja! Mmekaa meza moja, huyu anamficha huyu!" Kisha akanigeukia. "Na wewe? Ulilipa?"

"Mimi nilikula visheti vyote," nilisema.

Walicheka, na mimi nikacheka nao, halafu nikalia kilio nilichodhani nimekimaliza jikoni kwangu. Sikulia kwa majuto. Mimi nilimwamini Mwalimu, sikuwa na cha kulipa. Nililia kwa sababu nilijua sasa imani yangu ile ilikuwa imegharimiwa na mtu mwingine, na nilikuwa nikiitafuna mbele yake pamoja na sambusa.

Jumatatu iliyofuata nilifunga. Kwenye kutia nia nilikwama, sikujua niseme nalipa au niseme ni sunna, mwishowe nikanuia kulipa, na Mwenye kujua anajua. Nilifundisha koo limekauka. Mtoto mmoja aliniuliza elektroni iko wapi hasa, nikamweleza habari ya paka. Mchana nikampigia Raya simu, na haikuwa Idi.

"Umefunga?" aliniuliza, kabla sijasema kitu.

"Nimefunga. Na wewe?"

"Na mie."

Kabla ya magharibi nilisikia hodi. Alikuwa mlangoni kwangu, kwa mara ya kwanza tangu nihamie nyumba hii, amebeba mfuko wa mbatata. Tulizimenya pamoja, tukazipika, na adhana ilipoadhiniwa sinia lilikuwa kati yetu.